Chupa ya Dawa na Jino la Kifutu

Mtaniuliza, nyoka mtaani Pumwani atoke wapi? Labda kwenye gunia la makaa. Lakini Desemba ikifika nusu yetu tuko Kitui na Baringo, na huko kifutu hulala njiani bila kusogea, hata unamkanyaga.

Kifutu si wa jamii ile yenye vishimo vya kuhisi joto kati ya jicho na pua. Hao ni wa Asia na mabara ya Amerika, Afrika hawapo. Nyoka wakitofautiana, sumu nayo hutofautiana, ndiyo sababu dawa ya sumu ya nyoka wa kwingine haiaminiki hapa mpaka ipimwe.

Inapimwaje? Sumu ya kiasi kinachojulikana huchanganywa na dawa, ikaachwa nusu saa kwenye nyuzi 37, joto la mwili wako. Kisha panya wa maabara hudungwa mchanganyiko huo, makundi kwa makundi, kila kundi na kipimo chake cha dawa. Wanaosalia huhesabiwa. Kazi ya huzuni, nakiri, ila bora kujua huko kuliko wodini.

Mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na wa taasisi yetu ya nyani, kule Karen, walichapisha vipimo vya dawa zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Baadhi zilishindwa vibaya na sumu za nyoka wetu.

Ukiumwa: usichanje, usifunge kamba, mguu utulie, piga simu upate gari la hospitali. Dawa haidungwi nyumbani, maana mwili unaweza kuikataa ghafla.