Bima ya Mwenye Nyumba Si Bima ya Mpangaji



Wapangaji wengi wa majumba ya ghorofa mijini huishi kwa matumaini yasiyo na msingi. Husikia kwamba jengo wanamokaa limekatiwa bima, nao hudhani ya kuwa moto ukizuka, vitanda, makabati, majokofu na nguo zao vitalipwa. Sivyo hata kidogo.

Bima ni mkataba. Humlinda yule aliyeukata, kwa mali iliyotajwa, dhidi ya majanga yaliyoandikwa. Mwenye nyumba hukatia bima kuta, paa na ngazi, kwa kuwa hizo ndizo mali yake. Vyombo vya mpangaji havimo. Moto ulipolikumba Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 10 Julai 2021, jengo lilikuwa na mwenyewe, na bidhaa zilizoteketea zilikuwa na wenyewe wengine. Ndivyo ilivyo katika kila nyumba ya kupanga.

Liko jambo zito zaidi. Ikiwa moto umetokana na uzembe wa mpangaji, mathalani pasi iliyoachwa ikiwaka, kampuni ya bima ikisha kumlipa mwenye nyumba huweza kushika nafasi yake na kumdai mpangaji fedha hizo. Hivyo mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu huweza tena kudaiwa gharama za jengo. Kwa sababu hiyo mpangaji anahitaji kinga mbili: bima ya vyombo vyake, na bima ya dhima yake kwa mwenye nyumba na kwa majirani.

Hata hivyo, kukata bima bila ya kuelewa masharti yake ni kujidanganya. Chukua mfano wa vyombo vyenye thamani ya shilingi 10,000,000 vilivyoandikishwa kwa shilingi 5,000,000 ili kupunguza ada. Vikiungua vyombo vya shilingi 4,000,000, kampuni huweza kulipa shilingi 2,000,000 tu, kwa hoja kwamba mwenyewe alichagua kubeba nusu ya hasara. Aidha, wizi usio na dalili za kuvunja mlango huenda usilipwe, na fedha taslimu na vito mara nyingi huwekewa kikomo.

Basi mpangaji na aorodheshe vyombo vyake kwa thamani ya haki, atunze stakabadhi mahali pengine, aseme kweli anapojaza fomu, na asome hati kabla ya kutia sahihi. Iwapo ataona amenyimwa haki yake, nchini Tanzania iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Bima ni mchango wa wengi kwa ajili ya wachache waliofikwa na msiba. Lakini fungu hilo halimtambui asiyechangia, hata kama aliishi chini ya paa lililokatiwa bima. Tahadhari kabla ya athari.