Kanuni Kwanza, Mbuzi Baadaye: Mifugo Midogo na Amani ya Irumu

Maneno haya yalisemwa mjini Bunia, mbele ya familia zilizohama na viongozi wao.



Leo sitaki kuongea juu ya ng'ombe. Katika Irumu neno hilo peke yake linaweza kuvunja mkutano. Kuna aliyenyang'anywa ng'ombe zake zote. Kuna ambaye maharagi yake yaliliwa na ng'ombe za mwingine. Kila mmoja ana habari yake, na ni habari ya kweli.

Nataka tuongee juu ya wanyama wadogo: mbuzi, kuku, sungura na simbilisi, yule tunayemwita kobayi. Neno langu ni moja. Mnyama mdogo anaweza kusaidia familia ianze tena na kuwaleta majirani karibu, ikiwa tumepatana juu ya kanuni kabla hajafika. Mnyama akitangulia na kanuni ikachelewa, tumeleta ugomvi mpya wenye miguu minne.

Kwa nini wanyama wadogo?

Mtu aliyekimbia Boga au Tchabi wakati wa mauaji ya Mei 2021 hakubeba shamba lake. Aliyekimbia vita vilivyoanza 1999 hakulibeba pia. Na anayerudi mara nyingi anakuta mwingine analima pale. Mambo ya ardhi yanachukua miaka, lakini watoto wanakula leo.

Simbilisi hahitaji ardhi. Anaishi jikoni au katika boksi, anakula majani ya matembele na maganda ya ndizi. Jike anabeba mimba kwa siku 68 hivi, anazaa wawili mpaka wanne. Mpeni majani mabichi kila siku, maana mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura anazaa baada ya mwezi mmoja tu, lakini anataka kibanda kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye sakafu ya mianzi yenye nafasi, ili mavi yaanguke chini. Bila hivyo, kuharisha kutawamaliza watoto wake. Mbuzi anabeba mimba kwa miezi mitano.

Ndugu zetu wa Kivu ya Kusini wanayajua haya. Watafiti wa CIAT, wakishirikiana na wenzao wa Bukavu, waliandika kwamba katika miaka ya vita familia nyingi zilishika simbilisi kwa sababu ni rahisi kumficha na kumbeba. Mwizi anamwona mbuzi toka mbali, lakini haoni simbilisi watano chini ya kitanda. Tena wanyama hao mara nyingi ni wa kina mama na watoto. Mama akikosa pesa ya daftari, anauza wawili, haombi mtu.

Mpango wa kupitisha mnyama

Wakati wa vita vya Hispania katika miaka ya 1930, mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, alikuwa akigawa maziwa kwa waliokimbia. Aliona kikombe kinakwisha na kesho foleni ni ile ile. Akafikiri kwamba afadhali kutoa ng'ombe kuliko kikombe. Mwaka 1944 shirika linaloitwa leo Heifer International lilianza, na kanuni yake ni kwamba anayepokea mnyama anampa mwingine mtoto wa kwanza wa kike. Rwanda nayo, katika mpango wa Girinka ulioanza 2006, mwenye kupewa ng'ombe hupitisha ndama jike kwa jirani.

Kwa mbuzi jambo hili ni jepesi zaidi. Mimi ninapendekeza kitu kimoja zaidi kwa Irumu: tusipitishe ndani ya kabila moja tu. Mama wa Kihema akipitisha mbuzi kwa mama wa Kingiti, au Mbira kwa Mnyali, au mwenyeji kwa aliyehama, kila mmoja anatamani mbuzi wa mwenzake awe mzima. Mbuzi wako akifa, mimi ninayengoja mtoto wake nimepoteza pia. Sisemi mbuzi ataponya makaburi. Nasema atatupa sababu ya kuulizana habari kila juma.

Kanuni za kupatana kwanza

Ya kwanza ni banda. Mbuzi anayezurura anakula mihogo ya jirani, na kwetu jambo dogo kama hilo limewahi kuwa kubwa. Mbuzi wa mpango afungwe, aletewe matete na majani ya miti. Kazi inaongezeka, ndiyo, lakini mavi yanakusanyika mahali pamoja, nayo ni mbolea ya bustani.

Ya pili ni hasara. Mbuzi akiharibu shamba, nani anapima, nani analipa, na kwa muda gani? Lipangwe mapema na kamati yenye watu wa pande zote, wenyeji na waliohama. Sheria ya kilimo ya nchi yetu ya 24 Desemba 2011 iliweka njia kama hii: mashindano juu ya ardhi ya kilimo ya jamii yapitie kwanza usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani. Kama sheria imekubali hivyo kwa ardhi, sisi tunaweza kukubali kwa mahindi yaliyoliwa.

Ya tatu ni mwenye mali. Jina la mama liandikwe katika daftari kama ndiye aliyepokea. Tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka 2016, ule ulazima wa mke kuomba ruhusa ya mume umeondolewa; mume na mke wanatakiwa kupatana. Mjane asinyang'anywe mbuzi siku ya matanga.

Ya nne ni magonjwa. Kupitisha mnyama mgonjwa ni kupitisha ugomvi. Mnyama mpya akae peke yake majuma mawili au matatu kwanza. Kwa kuku adui mkubwa ni kideri, kinachoweza kumaliza kijiji kizima kwa siku chache. Tanzania inatengeneza chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani. Ni tone moja katika jicho la kuku, na inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Wanakijiji waliofundishwa wanaitoa wenyewe. Muulizeni veterinari wenu namna ya kupata chanjo ya namna hiyo, na mchague vijana wa kufundishwa, kutoka kila jamii.

Neno kwa viongozi

Mwaka 2003, huko Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, mifugo ikiwemo. Ahadi hiyo waliirudia Malabo mwaka 2014. Basi viongozi wetu waulize juu mara kwa mara: fungu la mifugo midogo ya Irumu liko wapi?

Lakini kuna mambo yasiyongoja Kinshasa. Ile sheria ya 2011 ilitaka pia mabaraza ya ushauri wa kilimo mpaka ngazi ya chini. Mnapokaa katika mabaraza ya namna hiyo, wapeni kiti waliohama. Mtu wa kambi naye ni mfugaji na mkulima, ingawa leo anaishi chini ya turubai. Mama anayepeleka kuku watatu sokoni asilipishwe kwenye kila kizuizi mpaka faida iishe njiani. Na mashirika yakija na orodha, msiruhusu wapewe waliohama peke yao huku mwenyeji aliyewapokea akitazama. Wivu unaoanza siku ya ugawaji haulali.

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla ya kupokea mnyama hata mmoja, kaeni, kambi pamoja na kijiji kinachowazunguka. Andikeni kanuni hizi nne kwa maneno yenu, mzisome mbele ya wote, mtie sahihi au kidole. Mkishindwa kupatana juu ya mbuzi ambaye bado hajafika, ni vizuri kulijua hilo mapema, na sisi tutarudi kukaa nanyi tena. Mkipatana, mtakuwa mmejifunza namna ya kuanza mazungumzo yale makubwa ya ardhi yanayotungoja.