Juu ya Ugonjwa wa Huzuni Unaojificha kwa Wanaume
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mmekwisha kuisikia taarifa ya Mweka Hazina. Mmesikia ni fedha ngapi zilizotoka kwa maziko, ngapi kwa karo za mayatima, na ngapi kwa wenzetu waliolazwa hospitali. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lisilo na mstari wake katika vitabu vya hesabu, nalo ni ugonjwa wa huzuni unaowapata wanaume, wakauficha kwa wake zao na kwa rafiki zao, na mara nyingine wao wenyewe wasiujue.

Katika Kiswahili cha vitabu ugonjwa huu huitwa sonona. Mitaani watu husema tu, "Fulani ana mawazo." Kwanza yatupasa kuutenga na majonzi ya kawaida. Mtu akifiwa, au akiachishwa kazi, au shamba lake likikaushwa na jua, atahuzunika, na huzuni hiyo ni haki yake. Atatembelewa, atafarijiwa, na siku zikipita atacheka tena. Lakini mwenye sonona hafarijiki. Jambo lililompendeza jana leo halimpendezi, na asubuhi humjia kama mzigo kabla hajaondoka kitandani.

Madaktari hutumia orodha ya maswali tisa iliyotolewa mwaka wa 2001, nayo hutumiwa hata hapa Kenya. Humwuliza mtu habari za wiki mbili zilizopita: Je, amekosa hamu ya mambo? Amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Usingizi umempotea, au umezidi? Amechoka bila ya kazi? Chakula kimemshinda, au anakula kupita kiasi? Anajiona hafai, kwamba ameiangusha jamaa yake? Hawezi kutuliza akili juu ya jambo moja? Amekuwa mzito wa kusema na kutembea, au hatulii mahali? Na la mwisho, je, amewaza kwamba ni heri afe? Kwa majibu hayo daktari hupima kama ugonjwa upo, na uzito wake.

Sasa, ndugu wanachama, mwanamume akiulizwa maswali haya mbele ya watu, atajibu, "Mimi sijambo." Ndipo ugonjwa unapopata maficho yake. Katika mwaka wa 1997 mganga mmoja wa nafsi huko Marekani, Terrence Real, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Alionyesha ya kuwa wanaume wengi wenye huzuni hawaonekani kuwa na huzuni. Kinachoonekana ni yale wanayoyafanya ili wasiisikie. Nasi tukitazama kwetu twaiona vivyo hivyo. Yuko aliyekuwa mpole akawa mkali, watoto wakisikia mlango unafunguliwa hunyamaza. Yuko anywaye kila jioni, akidai kwamba pombe humpa usingizi, kumbe pombe huuharibu usingizi wenyewe na kuizidisha huzuni. Yuko atiaye mshahara wake katika kamari za simu. Yuko aendeshaye pikipiki kana kwamba hana wa kumngojea nyumbani. Tena yuko mwingine tumsifuye kwa bidii, afanyaye kazi mchana na usiku, wala hatujui ya kuwa aogopa kukaa kitako akabaki na fikira zake.

Na wengine ugonjwa huwatokea mwilini. Kichwa huuma, mgongo huuma, tumbo halitulii, kifua hubana. Mtu huyu huenda zahanati mara tano, akapewa dawa za malaria na vidonge vya maumivu, akarudi vile vile. Hakusema uongo, mwili wake waumwa kweli. Ila maumivu hayo yana mzizi mahali asipopataja, na aliyemtibu hakuwa na nafasi ya kuuliza.

Neno hili la mwili liliwahi kuwapoteza hata wataalamu. Bwana J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari kuanzia mwaka wa 1938 hata 1950, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1953 na Shirika la Afya Ulimwenguni. Alisema humo kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kana kwamba sisi hatukuumbiwa moyo wa kuvunjika. Daktari Mwafrika wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanza mwaka wa 1954 kuwatibu wagonjwa huko Aro, Abeokuta, wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao, alishirikiana na wataalamu wa Marekani kuchunguza habari za Wayoruba. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1963. Walikuta dalili za sonona ni nyingi, ijapokuwa wenyeji hawakuwa na neno moja la kuutaja ugonjwa huo. Basi ugonjwa ulikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kwa lugha ya mgonjwa.

Twaweza kuuliza, kwa nini wanaume hujificha? Sababu ya kwanza ni malezi. Mtoto wa kiume akianguka huambiwa, "Nyamaza, wewe si msichana." Akiingia jandoni hufundishwa kutopepesa jicho. Mafunzo hayo yana maana yake, kwani dunia yataka mtu wa kustahimili. Lakini kustahimili kisu cha siku moja na kustahimili ugonjwa wa miezi sita ni mambo mawili, na hakuna mzee aliyewahi kusema kwamba mwenye homa ajikaze asinywe dawa.

Sababu ya pili ni mkate. Mwanamume wetu amezoea kujipima kwa kile akiletacho nyumbani. Kazi ikiondoka, au deni likimzidi, haoni kwamba amepoteza mshahara. Aona amepoteza nafsi yake. Ataondoka nyumbani asubuhi amevaa vizuri kama aendaye kazini, akashinda kwenye bustani ya mji hata jioni, ili mkewe asijue.

Sababu ya tatu ni hofu ya jina baya. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka wa 1910 ikiitwa nyumba ya wendawazimu, na jina lile limetia hofu vizazi vingi. Hata leo mtu akishauriwa kumwona daktari wa akili hujibu, "Kwani mimi nina wazimu?" Sheria nayo iliongeza hofu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kushtakiwa, hata yule aliyeponea chupuchupu akaogopa kusema kilichompata. Katika Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba. Na kabla ya hapo, mwaka wa 2020, jopo lililoundwa na Serikali juu ya afya ya akili, likiongozwa na Daktari Frank Njenga, lilishauri hali hii itangazwe kuwa janga la taifa.

Ubaya wa kujificha waonekana katika hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba katika mwaka wa 2021 watu wapatao 727,000 walikufa duniani kwa kujiua. Wanawake ndio huonekana zaidi hospitalini kwa sonona, lakini kwa kujiua wanaume hufa zaidi ya maradufu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema juu ya maradhi yote, nasi hatuoni sababu ya kulitenga hili.

Bwana Mwenyekiti, hatukusimama hapa kuwatisha watu. Sonona hutibika, na dawa zake ni za namna mbili, ambazo mara nyingi huenda pamoja. Namna moja ni vidonge. Dawa za kwanza zilijulikana kati ya mwaka wa 1952 na 1957. Mojawapo ilikuwa dawa ya kifua kikuu, madaktari wakashangaa kuona wagonjwa wamechangamka. Zitumiwazo leo, kama vile fluoksetini, huandikwa na daktari. Yafaa mjue ya kuwa haziponyi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa kabla ya mtu kuona nafuu, na mtu akiona nafuu asiziache kwa ghafula, bali aendelee kwa miezi kadhaa kama atakavyoagizwa. Wengi hushindwa hapo, wakadhani dawa ni bure.

Namna ya pili ni mazungumzo yenye utaratibu, na hapa tuna mfano wa jirani zetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako ukimwi ulikuwa umeacha makaburi mengi, vijiji 30 vilichaguliwa mwaka wa 2002, 15 kwa habari za wanaume na 15 kwa habari za wanawake. Katika baadhi ya vijiji hivyo wenye dalili za sonona waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa pale pale aliyefundishwa kwa wiki mbili tu. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Waliongea habari za msiba, za ugomvi, na za maisha yaliyogeuka ghafula, kisha wakashauriana la kufanya. Mwisho wake, kati ya kila watu mia waliokuwa vikundini hawakufika saba waliobaki na ugonjwa; katika vijiji visivyokuwa na vikundi walizidi 54 katika mia. Ndugu zetu wale hawakuwa na majumba makubwa wala madaktari wengi. Walikuwa na mahali pa kuketi, siku iliyojulikana, na watu wa kusikiliza.

Mfano mwingine ni wa Zimbabwe. Tangu mwaka wa 2006, kwa juhudi za Daktari Dixon Chibanda, mabibi wazee wa mtaa wa Mbare, Harare, walifundishwa kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Washona huuita ugonjwa huu *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2016 ulithibitisha kwamba benchi lile huponya.

Basi mmoja wetu afanyeje akimshuku mwenzake? Asimwite barazani mbele ya watu. Amtafute faragha, watembee pamoja au wafanye kazi pamoja, kwani wanaume husema vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli. Aseme alichokiona: "Ndugu yangu, nakuona siku hizi hulali, na mpira umeuacha. Kuna nini?" Kisha anyamaze, asubiri. Asimwambie ajikaze, wala asimhesabie wenye shida kumzidi. Na akiwa na hofu kwamba mwenzake awaza kujiua, amwulize waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo. Akikubali kwamba awaza hivyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku ile ile. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu isiyolipiwa, namba 1199.

Na ninyi mama zetu, ninyi ndio mwonao kwanza. Mkiona mzee wa nyumba amebadilika, mwambieni shemeji au rafiki amwaminiye. Kufanya hivyo si kumvunjia heshima. Wachungaji, mapadre na maimamu nao tunawaomba wamwombee mgonjwa, kisha wamwelekeze kwa daktari, kwa maana mambo hayo mawili hayagombani.

Mwisho twaja kwetu wenyewe. Kanuni yetu yasema kwamba mwanachama asiyelipa ada wala kuhudhuria mikutano kwa miezi mitatu jina lake litafutwa. Ni kanuni njema kwa mkaidi. Lakini mmesikia dalili: mtu hujitenga, hukosa hamu, huacha mambo yake. Mgonjwa na mkaidi katika kitabu cha mahudhurio wafanana kabisa. Wote wawili ni nafasi tupu. Na jina likifutwa, mtu yule hupoteza kamba ya mwisho iliyomfunga na wenzake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo matatu. La kwanza, jina la mwanachama lisifutwe kabla ya kuzuriwa nyumbani na wenzake wawili wa rika lake, na habari zake zikajulikana. La pili, kianzishwe kikundi cha wanaume cha kukutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, chini ya mtu aliyefundishwa. Na katika mikutano hiyo kumbukumbu zisiandikwe, wala lisemwalo lisitoke nje. La tatu, mfuko wa wagonjwa ulipe nauli na gharama za daktari kwa mwenye ugonjwa huu, sawasawa na aliyevunjika mguu.

Huenda mtu akauliza fedha zitatoka wapi. Twajibu kwamba chama hiki hakijashindwa hata mara moja kukodi gari la kumpeleka maiti kwao. Nauli ya kumpeleka mtu hai hospitali ni ndogo kuliko hiyo, na atakaporudi tutamkaribisha mkutanoni aketi nasi.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mapendekezo haya yajadiliwe na kupigiwa kura leo.