Doha: Gasketi haiungui bure

Safari ya leo inaelekea Doha, mji mkuu wa Qatar. Hata hivyo, haielekei kwenye maghorofa ya ufukweni yanayoonekana katika picha za magazeti, bali kwenye karakana za magari. Makala inaangalia ugonjwa mmoja wa injini kuukuu unaojulikana na kila fundi, awe Gerezani mjini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, au huko Ghuba: kuungua kwa gasketi ya silinda hedi.

Kusini-magharibi mwa Doha kuna eneo la viwanda ambalo wakaazi huliita Sinaiya. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo si geni kabisa, kwani limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupatia neno sanaa. Mitaa ya huko hutajwa kwa namba, na ndani yake mna gereji, maduka ya vipuri na mashine za kuchongea vyuma. Mafundi wake ni wahamiaji kutoka mataifa mengi, na mara nyingi fundi na mteja huelewana kwa Kiarabu cha kuokoteza, Kiingereza kidogo na vidole vinavyoonyesha palipo na ubovu.

Joto la mji huo ni sehemu ya kisa chenyewe. Tarehe 14 Julai mwaka 2010, kipimajoto cha Doha kilifika nyuzi 50.4 za Selsiasi. Katika hali kama hiyo injini nzima hustahimili, lakini injini yenye kasoro iliyofichika hufichuliwa mchana kweupe.

Chukua mfano wa dereva mmoja kutoka Tanga anayefanya kazi Doha, mwenye Toyota Land Cruiser ya petroli iliyoundwa katika miaka ya 1990. Ijumaa moja ya Agosti yumo katika barabara ya Salwa, iendayo mpakani na Saudi Arabia, kiyoyozi kikivuma kwa nguvu zote. Ghafla anaona mshale wa joto ukipanda. Anafikiri kwamba kituo cha mafuta hakiko mbali, naye anaendelea kukanyaga mafuta. Kilomita 5 baadaye gari linakosa nguvu, na nyuma yake kunatanda moshi mweupe.

Zile kilomita 5 ndizo zenye gharama. Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar imeweka mshahara wa chini kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya malazi na ya chakula pale mwajiri asipotoa huduma hizo. Hata kwa mtu anayepata zaidi ya kiwango hicho, kufungua injini ni kugusa fedha zilizokusudiwa kutumwa nyumbani, pengine ada ya shule ya mtoto. Kuifungua mara mbili kwa ugonjwa ule ule ni msiba. Kwa hiyo swali kubwa si namna ya kubadilisha gasketi tu, bali namna ya kuhakikisha kwamba mpya haitafuata njia ya ile ya zamani.

Mpaka kati ya moto na maji

Injini ina sehemu kuu mbili zilizokazwa pamoja kwa bolti. Chini kuna bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Juu kuna silinda hedi, inayobeba vali na plagi. Kati ya sehemu hizo hulazwa gasketi, ubapa mwembamba wenye matundu mengi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto, maji na oili. Upande mmoja wa mpaka huo kuna gesi inayowaka kwa zaidi ya nyuzi 2,000. Upande wa pili, umbali wa milimita chache, kuna maji ya kupoza yenye nyuzi 90 hivi.

Katika injini nyingi za zamani bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu. Ndivyo ilivyoundwa Peugeot 504 iliyotawala safari za mbali nchini Kenya, na ndivyo ilivyo injini ya Land Cruiser ya silinda 6 na lita 4.5, iliyoanza kutumika mwaka 1992. Aluminiamu ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenye urefu wa sentimita 80, ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 90, hurefuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1, ilhali bloku chini yake hurefuka kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Gasketi husuguliwa katikati kila gari linapowashwa na kila linapopoa, na imeundwa kuuvumilia msuguano huo kwa miaka mingi. Isichoweza kuvumilia ni hedi iliyopitiliza joto hadi ikapinda.

Dalili zake mafundi wanazijua kwa moyo. Maji hupungua bila kuonekana yanapovuja. Moshi mweupe wenye harufu tamu hutoka hata injini ikiwa imeshapata moto. Mapovu huchemka katika rejeta dakika chache tu baada ya injini kuwashwa ikiwa baridi. Oili hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa, hali ambayo mafundi hueleza kwa kusema kwamba injini imechanganya maji na oili.

Hata hivyo, dalili moja pekee haitoshi kutoa hukumu. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembezwa safari fupi. Fundi makini hupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, huenda gasketi imekatika kati yake. Kipo pia kipimo cha maji ya buluu yanayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Yakigeuka manjano katika injini ya petroli, hiyo ni ishara kwamba gesi ya moto imeingia katika njia ya maji.

Mficha maradhi

Hapo ndipo kishawishi huingia. Madukani huuzwa dawa za kumimina katika rejeta, zinazodaiwa kuziba ufa kutoka ndani bila kufungua hata bolti moja. Kwa mtu asiye na fedha, chupa hiyo ni faraja. Pengine itamfikisha nyumbani. Lakini dawa hiyo haijui kutofautisha ufa wa gasketi na mirija myembamba ya rejeta. Inaweza kuiziba yote. Hedi iliyopinda haiwezi kunyooshwa na chupa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na injini haina msamaha katika jambo hilo.

Kishawishi cha pili kinajulikana sana Afrika Mashariki, nacho ni kung'oa thamostati, kwa imani kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Ukweli ni kwamba thamostati hufunga na kufungua njia ya maji ili injini ifanye kazi katika joto lililokusudiwa. Bila kifaa hicho injini huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tena, anayeing'oa ili mshale ushuke ameficha tu sababu halisi iliyoupandisha.

Kazi yenyewe

Ukarabati wa kweli huanza kwa subira. Injini lazima ipoe kabisa. Anayefungua kifuniko cha rejeta ya moto hujitia hatarini, kwani maji yaliyobanwa ndani yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 bila kuchemka, na hulipuka kuwa mvuke mara tu kifuniko kinapolegezwa. Aidha, bolti za hedi zikilegezwa ikiwa bado moto, hedi yenyewe inaweza kupinda mikononi mwa fundi.

Waya hasi wa betri huondolewa, maji na oili humwagwa katika vyombo, na kila bomba la mpira na kila waya huwekewa alama. Maji hayo ya kupoza, yakiwa na kulanti, ni sumu yenye ladha tamu. Hayapaswi kuachwa mahali ambapo mtoto au paka anaweza kuyafikia, wala kumwagwa ardhini. Kisha alama za mnyororo wa taimingi hulinganishwa, na bolti za hedi hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati.

Hedi ikishanyanyuliwa, fundi mzuri haitupi gasketi ya zamani. Huiweka mezani na kuisoma, kwa maana hiyo ndiyo shahidi. Palipoungua kati ya silinda mbili, palipoliwa na kutu kando ya tundu la maji, palipopoteza rangi upande mmoja tu, kila alama inaeleza moto ulipitia wapi. Gasketi za magari ya zamani sana zinaweza kuwa na asbesto, hivyo haifai kuzikwangua zikiwa kavu na kutimua vumbi.

Baada ya hapo rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya hedi, na vipande vyembamba vya kupimia viitwavyo fila hujaribiwa chini yake. Kiwango cha kupinda kinachoruhusiwa huandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Hedi iliyozidi hapo hupelekwa kwa mchonga vyuma isawazishwe, na hukaguliwa kama ina ufa. Kurudisha hedi bila kuipima ni kucheza kamari kwa fedha za mteja.

Usafi ni nusu ya kazi. Uso wa bloku husafishwa kwa mkono, wala si kwa diski ya kusagia, kwa sababu diski huacha mabonde katika chuma, na vumbi lake huingia katika beringi. Matundu ya bolti hukaushwa kabisa. Oili au maji yakibaki ndani, bolti inapokazwa huyabana hadi bloku inaweza kupasuka. Bolti za aina inayovutika hubadilishwa, kwani zikishavutika mara moja hazirudi tena katika nguvu zake.

Mwisho huja ukazaji. Hapa mazoea ya mkono hayatoshi. Inahitajika spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti hukazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu. Kwa ile injini ya Land Cruiser ya lita 4.5, bolti kuu hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 39, kisha kila moja huzungushwa robo ya duara, halafu robo nyingine. Injini nyingine zina namba zao, na hakuna haki ya kuzikisia.

Kumtafuta mkosaji

Gari la dereva wa Tanga sasa lina gasketi mpya. Lakini kazi haijaisha, kwani jambo la msingi bado halijajibiwa: kwa nini lilichemsha? Gasketi haiungui bure. Huenda vumbi la jangwa limejaa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Huenda feni imelegea, pampu ya maji imechoka, au thamostati imekwama. Huenda ni kifuniko cha rejeta kisichobana tena, kitu kidogo ambacho kazi yake ni kuyazuia maji yasichemke katika nyuzi 100. Au huenda mwenye gari amekuwa akiongeza maji matupu mwaka hadi mwaka, na kutu imekula njia za ndani. Kulanti si kwa ajili ya barafu tu; huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Baada ya kujaza mchanganyiko mpya, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo lazima itolewe. Kwa hiyo katika Agosti ya Doha mtu anaweza kumwona fundi amewasha hita ya gari, jasho likimtiririka, akisubiri mapovu yaishe. Hajapungukiwa na akili. Anapitisha maji katika kila kona. Na kama oili ilichanganyika na maji, ile mpya nayo humwagwa baada ya safari chache na kuwekwa nyingine.

Kwa wenye magari, somo ni jepesi zaidi. Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita, egesha mahali salama na uzime injini. Usimimine maji baridi juu ya chuma chenye moto. Wala usiuamini mshale unaoshuka ghafla. Maji yakiisha, kipimo hubaki hewani na kusema uongo.

Qatar imeweka kikomo cha joto kwa wanadamu. Kwa kanuni ya mwaka 2021, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba, kazi za maeneo ya wazi husimama kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, na husimamishwa saa yoyote kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kinapozidi 32.1. Ni kukiri kwamba mwili una mpaka, na kwamba anayelazimishwa kuuvuka huumia kabla hajalalamika.

Injini kuukuu nayo hulalamika mara moja tu, kwa mshale mdogo mwekundu. Yule dereva wa barabara ya Salwa angesimama alipouona, huenda angenunua kifuniko cha rejeta na galoni moja ya kulanti, na fedha zilizobaki zingefika Tanga mwisho wa mwezi.