Kaka Mkubwa Kando ya Mahakama ya Watoto

Mwaka 1904, karani wa mahakama ya watoto mjini New York, Ernest Coulter, alisimama mbele ya wanaume wa chama kimoja cha kanisa akawaeleza habari za wavulana aliokuwa akiwaona mahakamani siku hata siku. Hakuwaomba fedha. Alimtaka kila mmoja amchukue mtoto mmoja, awe kaka yake mkubwa. Wanaume wapatao 40 waliitikia, na hapo likazaliwa vuguvugu la Big Brothers, ambalo mwaka 1977 liliungana na lile la kina dada.

Mahakama zenyewe zilikuwa bado changa. Ya kwanza nchini Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, kwa fikra kwamba mtoto aliyekosa anahitaji kulelewa kuliko kuadhibiwa. Fikra njema, ila hakimu hawezi kulea. Humwona mtoto kwa dakika chache, kisha shauri jingine huitwa. Afisa wa probesheni naye ana mafaili tele. Mlezi wa kujitolea huingia katika pengo hilo: hukutana na kijana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, humsaidia masomo, humpeleka uwanjani, na zaidi ya yote humsikiliza. Waswahili wa pwani, ambao tangu kale wamekuwa na somo wa kumwongoza kijana, hawataliona jambo hili kuwa geni.

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo, jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwani miji hiyo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Somalia na kwingineko Afrika Mashariki na Kati. Mtoto hujua Kiingereza kabla ya wazazi wake, naye huwa mkalimani wa nyumba nzima: dukani, hospitalini, shuleni. Siku barua inapotoka mahakamani, anayewasomea wazazi ni yule yule aliyeshtakiwa. Mzazi anapaswa kufahamu kwamba anaweza kuomba mkalimani wa mahakama, na kwamba tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1967, katika shauri la kijana Gerald Gault wa Arizona, mtoto anayekabiliwa na hatari ya kufungiwa ana haki ya kuwa na wakili.

Sheria nazo hutofautiana kwa kila jimbo. Kentucky, liliko jiji la Louisville, ilipitisha mageuzi mwaka 2014 ili makosa madogo yamalizwe, inapowezekana, bila kumfikisha mtoto mbele ya hakimu. Huko Buffalo, jimboni New York, kijana wa miaka 16 alihesabiwa kuwa mtu mzima mbele ya sheria ya jinai hadi Oktoba 2018, na yule wa miaka 17 hadi Oktoba 2019.

Je, ulezi huu unafaa kitu? Columbus, jimboni Ohio, ulikuwa mmoja wa miji minane iliyohusika katika utafiti mashuhuri uliotolewa mwaka 1995, uliowafuatilia vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16. Waliopatiwa walezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya. Hao hawakuwa wote watoto wa mahakamani, hivyo takwimu hizo zisivutwe kupita kiasi. Lenye uzito zaidi ni lile lililobainika mwaka 2002, data hizo zilipochambuliwa upya: vijana ambao uhusiano wao na mlezi ulivunjika ndani ya miezi mitatu walijithamini kidogo kuliko awali. Kwa mtoto aliyekwisha kupoteza nchi, na pengine baba, mlezi anayetoweka ni msiba mwingine.

Ndiyo maana mashirika mengi humtaka mlezi aahidi mwaka mmoja usiopungua, na huchunguza rekodi yake ya polisi kabla ya kumkabidhi mtoto. Mzazi naye huombwa kutia saini. Kabla ya kufanya hivyo, yapo mawili ya kuuliza: mlezi huyu atakaa muda gani, na atamweleza nani anayoyasikia? Anayoambiwa wakili hulindwa na sheria. Anayoambiwa mlezi, kwa kawaida, hayana kinga hiyo, na kesi ikiwa bado inaendelea, ni heri kijana azungumze naye mpira na masomo, mengine amwachie wakili.