Mwenye kulewa hasikii filimbi: maneno yetu kwa vijana wa Butembo na Beni



Leo hatukukuja kusema juu ya barabara wala maji. Tuko na jambo lenye linatuuma ndani ya nyumba zetu: bangi, lutuku, pombe ya sacheti na vidonge vya farmasi, sana sana Tramadol na Valium.

Tunajua namna inaanzaka. Motari anameza Tramadol juu asisikie uchovu. Mwenye alikimbia vita anakunywa juu apate usingizi. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa Beni. Hatuko tunacheka wenye wanatafuta kusahau. Lakini dawa hizi hazisahaulishi, zinakopesha tu. Asubuhi deni inarudi.

Tuseme wazi. Tramadol ni dawa ya maumivu makali, ya kupewa na munganga. Ukizidisha, inaweza kuleta kifafa na kupunguza pumzi. Ukichanganya na pombe ao Valium, unaweza kulala na usiamuke tena. Lutuku yenye ilipikwa vibaya inaweza kuwa na metanoli, na metanoli inapofusha macho, inaua. Bangi ya kila siku, zaidi kwa mtoto mwenye ubongo haujakomaa, inaharibu kumbukumbu na inaweza kuamsha ugonjwa wa akili. Na mwenye alizoea Valium asiikate kwa siku moja, mwili unaweza kumuangusha kwa kifafa. Aende kwanza kwa munganga.

Tuko tunauliza wakubwa wa miji yetu: Tanzania ilikataza pombe ya sacheti mwaka 2017, Uganda mwaka 2019. Sisi tunangojea nini? Kukamata mtoto mwenye kuvuta na kuacha mwenye kuuza, hiyo si kazi. Na vidonge viache kuuzwa kama bonbo, bila karatasi ya munganga.

Lakini tujiseme na sisi wenyewe. Hata katikati yetu kuko wenye wanakujaka kwa maandamano wamelewa. Jiwe moja la mlevi linatosha kuharibu maandamano ya amani, na kesho yake watasema sisi wote ni wavuta bangi. Na usiku kwenye kartye, wakati wamama wanapiga sufuria na filimbi, mwenye kulewa hasikii. Adui hana haja ya kumutafuta, alishajilaza mwenyewe.

Basi tunaombana mambo matatu. Wa kwetu mwenye anakunywa, tusimufukuze wala kumutukana, tumusindikize kwa munganga. Mwenye anauzia watoto, tumuambie uso kwa uso, bila jiwe na bila moto. Na kwa maandamano, kila mtu akuje na akili yake yote.

Inchi hii inatuhitaji tukiwa macho.