Eneo ni Kinachoenea: Mkeka, Fito na Hesabu za Shule ya Msingi



Nimechagua mada ambayo wengi wetu tuliiacha tukiwa bado tunavaa kaptula: kutafuta eneo la maumbo. Kila mwaka napokea chuoni vijana wanaokokotoa eneo la umbo lolote lenye kanuni, lakini ukiwauliza eneo lenyewe ni nini, wanajibu, "Ni urefu mara upana." Hiyo ni njia ya kulipata, tena kwa mstatili tu. Swali limebaki palepale.

Jibu limo ndani ya neno. Eneo limetokana na kuenea: ni kiasi ambacho kitu kimeenea juu ya uso. Mzingo umetokana na kuzinga, yaani kuzunguka ukingo mpaka ulipoanzia. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaingia darasani akijua tayari kuenea ni nini. Sisi tunampa eneo na mzingo kama msamiati wa kukariri, kisha tunamlaumu akiyachanganya kwenye mtihani.

Msusi wa mikeka hayachanganyi. Tuchukue ukili wa upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 24. Eneo lake ni mita za mraba 2.4, na mzingo wake ni mita 48.2. Ukate vipande 12 vya mita 2 kila kimoja, uvishone ubavu kwa ubavu, utapata mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2. Tukiacha kile kidogo kinacholiwa na mshono, eneo ni lilelile, mita za mraba 2.4, maana hakuna jani lililoongezwa wala kutupwa. Lakini mzingo umeshuka hadi mita 6.4! Mtoto aliyeuona ukili ule ukigeuka mkeka hahitaji kuambiwa mara ya pili kwamba vipimo hivi ni viwili tofauti.

Kukata na kushona huko ndiko kulikozaa kanuni tunazoandika ubaoni. Kata pembe moja ya msambamba kwa kufuata kimo chake, ihamishie upande wa pili, na msambamba unakuwa mstatili. Unganisha pembetatu mbili zilizo sawa kabisa, unapata msambamba. Ile nusu inayotangulia kitako mara kimo imetoka hapo. Nawaomba walimu wasiiandike nusu hiyo kabla mkasi haujapita kwenye karatasi.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Nikiwa Darasa la 5 nilipewa msambamba wenye pande za sentimita 50 na 30. Nikazidisha, nikaandika 1,500, nikapata vema. Nilitembea na kosa hilo miaka mingi kwa sababu lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu kuwa ni sawa. Aliyenitoa humo ni fundi wa kujenga nyumba za miti. Alifunga fito nne kwa kamba, mbili ndefu na mbili fupi, kwa vipimo vilevile vya msambamba wangu, akaisukuma ile fremu ikalala upande. Fito ni zilezile, mzingo ni uleule, sentimita 160, lakini nafasi ya katikati ilikuwa inasinyaa mbele ya macho yangu. Kimo kikishuka hadi sentimita 20, eneo linabaki sentimita za mraba 1,000. Ukizidi kuisukuma, fito zinakutana na eneo linakwisha kabisa.

Kosa langu lilikuwa na wazee wake. Katika maandishi ya hekalu la Edfu, Misri, yanayoorodhesha mashamba ya hekalu, eneo la shamba la pande nne lilipatikana kwa kuzidisha wastani wa pande zinazotazamana. Njia hiyo ni sahihi kwa mstatili peke yake. Kwa umbo lingine lolote la pande nne hutoa eneo kubwa kuliko lililopo. Anayenunua shamba lililokaa mshazari kwa hesabu hiyo analipia ardhi ambayo haipo.

Na vijijini kwetu ekari bado inapimwa kwa hatua 70 kwa 70. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya mita 1 atapima mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 80 atapima 3,136. Tofauti ya hatua ni sentimita 20 tu, lakini kwa kuwa inaingia kwenye urefu na kwenye upana pia, mmoja amezidishiwa na mwingine amepunjwa vibaya. Ugomvi wa namna hiyo huishia barazani kwa mtendaji wa kijiji, na mara nyingi pande zote mbili zimehesabu hatua zao kwa uaminifu.

Walimu wenzangu, fito na kamba zinapatikana kila shule, na karatasi kuukuu hazikosekani. Katika kipindi chenu kijacho cha eneo, wapeni watoto vitu hivyo mkononi, waacheni wakate, washone na wasukume, na chaki ya kanuni ingoje mpaka watakapoiomba wenyewe.